Kanuni ya Mikono Mitupu

Niliporudi milimani kutoka chuoni niliamini kwamba jambo lolote la haki linaweza kuandikwa, na kwamba likishaandikwa vizuri watu watalifuata, kwa sababu wataliona kuwa ni lao. Nilikuwa na sanduku la bati, koti moja la sufu, na daftari nene ambamo nilikuwa nimenakili kwa wino mafunzo yote kuhusu kujitegemea. Nilizaliwa Lukozi, nikafundishwa kusoma na Walutheri na baadaye na masista wa Kikatoliki, kwa hiyo hapakuwa na njia ya mlimani ambayo ningeweza kuiita ngeni. Hata hivyo kazi ya kwanza niliyopewa sikuielewa. Ni miaka michache tu imepita, na nikiulizwa leo kama niliifanya vyema au vibaya, bado sina jibu moja.

Barua ya uteuzi ilisema niende katika kijiji kilicho nusu siku kwa miguu kutoka Lushoto, kando ya msitu wa hifadhi wa Serikali, nikasaidie kuweka utaratibu wa "burudani ya matembezi katika ardhi ya umma, ili wananchi wanufaike." Niliisoma sentensi ile mara tatu. Umma niliujua, chuoni tulikuwa tumeutaja kila siku. Burudani ndiyo iliyonishinda. Nyumbani kwetu burudani ilikuwa kikombe cha chai baada ya kulima. Hakuna mtu wa kwetu aliyepanda mlima bila haja, na aliyeonekana akipanda bila haja aliombewa kanisani.

Wageni wenyewe walikuwepo kweli. Walikuja Jumamosi na Jumapili kutoka mashamba ya mkonge ya bondeni, kutoka Tanga, kutoka shule na hospitali: Wazungu wengi, Wahindi kiasi, na mara moja moja watumishi wetu wenyewe waliokwisha kupata gari. Walipita msituni kwa saa mbili hadi kwenye jabali moja ambalo mtu akisimama juu yake huona nyika yote ya Mkomazi imelala chini kama ngozi iliyoanikwa. Walitazama, wakala mikate yao, wakarudi.

Jumamosi yangu ya kwanza niliketi kwenye jiwe la mpaka, pale njia inapotoka chini ya miti na kuingia katika mashamba ya mahindi na maharage, nikiwa na kalamu tayari. Kwanza nilisikia kicheko. Kisha akatokea mama mmoja wa makamo, amevaa khanga mbili na sweta la kiume, akichechemea, mkono mmoja umeshika nyonga. Nyuma yake, kwa mstari, wakatokea Wazungu watano, na kila mmoja wao alikuwa amebeba gogo la kuni begani. Wa mwisho alikuwa amevua kofia yake akaikunja kuwa ngata, na gogo lake lilikuwa kichwani.

Babu yangu alibeba mizigo ya Wazungu kutoka Mombo hadi Lushoto. Hadithi hiyo ndiyo iliyokuwa historia nyumbani kwetu. Nyingine zote tulizisoma vitabuni. Kwa hiyo nilipouona mstari ule nilitaka kucheka, kisha nikataka kulia, kisha nikaona aibu kwa yote mawili.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Bibi Maendeleo tuliyeambiwa? Viatu hivyo havitauona mwezi wa pili."

"Wageni hawa, mama, wanabeba kuni za nani?"

"Za jikoni kwangu."

"Umewalipa?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama ameilipa mvua. "Wametoka msituni," akasema. "Ulitaka watoke mikono mitupu, kama watu waliokwenda kumzika mtu kwa siri?"

Maneno yale yalikuwa ya mama yangu mzazi. Kwetu mtu hatoki msituni mikono mitupu. Msichana akitumwa maji kwenye kijito cha msituni, hurudi na mtungi kichwani na fimbo ya kuni kwapani. Anayekwenda kumtafuta mbuzi aliyepotea hurudi na mbuzi na kuni, au bila mbuzi na kuni. Mtoto aliyefika uani bila kitu, mama yangu alimuuliza, "Msitu umekukosea nini?" na mtoto aligeuka akarudi.

Mama yule alikuwa mjane. Kando ya barabara, hatua chache kutoka mpaka wa msitu, alikuwa na banda la chai ambapo malori ya magogo kutoka Shume yalisimama, na madereva na matingo walikula makande na viazi vyake. Miaka miwili kabla ya mimi kufika alikuwa ameteleza kwenye utelezi akaumia nyonga, na tangu hapo, ingawa kutembea taratibu aliweza, hakuweza kubeba mzigo wa kuni uliotosha jiko la biashara. Shamba la marehemu mumewe lilikuwa limerudi kwa shemeji zake. Alichobaki nacho ni moto ule, na moto ule uliishi kwa mabega ya wageni. Yeye aliwaonyesha njia ya jabali, akawaonyesha mbega na vinyonga wenye pembe, na walipofika kwenye mti mkubwa wa mkulo ulioanguka, wakati wa kurudi, alimkabidhi kila mmoja gogo lake kavu bila maelezo mengi. Hakuna aliyewahi kukataa.

Nilikwenda kwa Bwana Misitu. Alikuwa mzee aliyekaribia kustaafu, mtu wa Pangani, aliyeichukia baridi na kuipenda miti, na alikohoa kuanzia Machi mpaka Septemba.

"Wanakijiji wanaruhusiwa kuni kavu Jumanne na Ijumaa," akanieleza, "mzigo wa kichwa, kwa matumizi ya nyumbani. Yule mama anachukua Jumamosi, kwa biashara, kwa mabega ya watu wasio wanakijiji. Makosa matatu katika gogo moja."

"Mbona basi humzuii?"

"Jumamosi macho yangu huniuma."

Nilimwambia, kwa heshima lakini kwa ukali wa mtu aliyetoka chuoni juzi, kwamba sheria isiyoonwa kwa mmoja ni upendeleo dhidi ya wengine. Alikohoa, akajifunga shali.

"Ni kweli," akasema. "Lakini wewe umeletwa kuandika. Ukiandika, binti yangu, utaniponya macho, na mimi sijaomba kuponywa."

Niliona kuwa ni maneno ya utumishi wa kale. Zaidi ya hayo, kulikuwa na jambo zito kuliko banda la chai. Wilaya ilikuwa imeahidi kwamba sehemu ya ada ya kuingia msituni ingekirudia kijiji, mradi tu kijiji kiwe na kanuni zilizoandikwa na ofisa wa mkoa aje kuzikagua. Na kijiji kilikuwa na darasa jipya, kuta za mawe zilizojengwa kwa msaragambo wa kijiji kizima, wanaume wakibeba mawe, wanawake wakibeba maji na udongo, darasa ambalo lilikuwa limesimama mwaka mzima bila paa. Mvua ikinyesha, mwalimu alikimbiza watoto kanisani. Kanuni zangu zilikuwa bati la darasa lile.

Mkutano ulifanyika humo humo darasani, chini ya mbingu. Mwenyekiti wa kijiji, fundi wa kushona, mfupi, mwenye sauti kubwa, alieleza habari ya ada na bati, na watu wakaridhika. Kisha nikasoma orodha ya mambo ya kuamuliwa, na nilipofikia kuni mkutano ukaamka.

"Baba zetu walibebeshwa," akasema mpasuaji mbao mmoja mzee, "leo wao wanabebeshwa. Nani alisema Uhuru umekwama Dar es Salaam?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja mwenye watoto sita, aliyekuwa ameketi dirishani, hakucheka.

"Uhuru umefika kwenye jiko moja tu," akasema. "Mimi kuni zangu nabeba mwenyewe, na mtoto mgongoni."

"Wewe hujawahi kumsalimia mgeni hata siku moja. Atakubebeaje?"

"Ningejua salamu ina kuni ndani yake, ningesalimia."

"Mgosi mwenyekiti," akasema mwingine, "kama wageni ni wa kijiji, basi na mabega yao ni ya kijiji. Kuni ziende kwa zamu, nyumba kwa nyumba."

"Na sisi wa bonde la pili? Mzungu ashuke na gogo mpaka kwangu, apande tena? Atatufia, tuje tuulizwe."

Niliona nafasi yangu. Nilisimama nikapendekeza kwamba kuni zote zitakazotoka na wageni ziwekwe katika lundo moja la kijiji, na kila kaya ipate kwa mahitaji yake. Nilisema kwa dakika chache, na nakiri kwamba nilijisikia vizuri. Aliyejibu alikuwa mjane.

"Bibi Maendeleo, lundo hilo litalala wapi? Likilala nje litanyeshewa. Likilala ndani, ndani kwa nani?"

Sikuwa nimefikiria mvua. Papo hapo kijana mmoja wa ukoo wa shemeji zake akauliza, akinitazama mimi na si yeye: "Katika nchi hii ya wakulima na wafanyakazi, mtu mwenye wapagazi anaitwaje?"

Wote walinigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuja na maneno ya aina ile. Jibu nilikuwa nalo ndani ya daftari: anayeishi kwa jasho la wengine ni mnyonyaji. Lakini mwenye wapagazi aliyekuwa mbele yangu alikuwa na sweta lililotoboka viwiko, na wapagazi wake walikuja kwa gari. Na je, mtu anayebeba mzigo huku anacheka, kisha akashukuru kwa kubebeshwa, huyo ananyonywa na nani? Nilisema kwamba suala lile linahitaji uchambuzi. Nadhani hilo ndilo neno la woga kuliko yote niliyojifunza chuoni.

Mwenyekiti aliona kwamba jua linashuka na ugomvi unapanda. Akasema ni heri asibebe mtu kuliko kijiji kigombane kwa ajili ya magogo, na bati liko mbele yetu. Mikono ikanyooshwa, mingi. Ndipo nikaandika, juu ya goti langu, kanuni ambayo niliipenda mara tu ilipotoka kwenye kalamu: Mgeni ataingia msituni mikono mitupu na atatoka mikono mitupu. Nikaongeza kwamba atakayekiuka, mazao aliyoyatoa yatachukuliwa, naye hataingia msituni kwa miezi mitatu, awe mgeni au mwenyeji, mkubwa au mdogo. Maneno ya mwisho hakuna aliyeyaomba. Yalikuwa yangu, na yalinifurahisha kuliko yote. Vijana wawili wakachaguliwa kuwa waongoza wageni, wakashonewa utepe wa kijani wa kuvaa mkononi.

Mjane alinipitia mlangoni. "Umeandika vizuri," akasema. "Hata mimi nisiyejua kusoma nimeelewa."

Kanuni ikaanza kazi. Jumamosi iliyofuata Bwana Misitu alikuja langoni mwa msitu, penye jiwe la mpaka, na macho mazima, akanitazama, akaanza kuwaambia wageni waweke magogo chini. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa sekondari, Mzungu mrefu aliyezungumza Kiswahili cha kupima maneno. Aliweka lake taratibu, kisha akaja kwangu.

"Samahani, dada. Naweza kulipa zaidi ili nibebe?"

Nilitafuta katika karatasi zangu. Hapakuwa na kifungu.

"Kwa nini unataka kubeba?" nikamuuliza.

"Kwetu tunatembea msituni, tunarudi tukiwa tumetembea tu. Hapa nilirudi nikiwa nimefanya kitu."

Maneno yale yalinivuruga. Tulikuwa tumekubaliana, sisi na Wilaya, kwamba wageni wanakuja kuitazama nyika, na kwamba faida ya kijiji iko katika mandhari ile. Je, kama walichokuwa wakikijia ni gogo? Basi sisi, ili tupate kuuza, tulikuwa tumepiga marufuku bidhaa yenyewe. Na upande mwingine, ikiwa kazi iliyoikunja shingo ya mama yangu ndiyo burudani ya mtu wa Jumamosi, je, hakuna tusi lililojificha humo, hata kama aliyelitoa ana moyo mwema? Niliwaza hayo nikipanda na nikishuka, na kila nilipofika chini nilikuwa na maoni tofauti na yale niliyokuwa nayo juu.

Kilichonichanganya zaidi ni kwamba kanuni ilimfaa mtu. Yule mwanamke mwenye watoto sita alianza kumuuzia mjane mzigo wake wa Jumanne na nusu ya mzigo wa Ijumaa, na wa kwanza wa watoto wake akapata sare ya shule. Bwana Misitu alijua, kwa kuwa kuni za nyumbani haziuzwi, lakini maradhi ya macho yalikuwa yamemrudia katikati ya juma. Nilipomwona mtoto yule amevaa sare mpya sikuweza kusema kwamba nimekosea. Nilipopita bandani kwa mjane sikuweza kusema kwamba nimepatia. Siku nyingine mafiga matatu yalikuwa yamepoa saa nne ya asubuhi, na malori ya Shume yalipunguza mwendo, yakaona hakuna moshi, yakapita.

"Karibu," aliniambia siku moja. "Chai ipo, ila ni ya jana."

Nilikunywa ya jana. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba kama mambo yataendelea hivi hadi mavuno ya maharage, atafunga banda na kumfuata binti yake kule Mkomazi. "Nikafe kwa joto," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi. Mtu wa milimani kuteremka nyikani uzeeni ni jambo ambalo kwetu husemwa kwa sauti ya chini.

Ofisa wa mkoa alikuja Jumatano. Alikuwa kijana kama mimi, amevaa suti ya kijivu ya mikono mifupi, na alikuwa na karani mmoja. Mpango ulikuwa kwamba niwapandishe hadi jabalini, pamoja na Bwana Misitu na mmoja wa vijana wenye utepe, kisha tukirudi kanuni zisomwe langoni mbele ya wanakijiji, naye atoe uamuzi wake. Njiani aliuliza maswali mazuri. Aliuliza msitu unapata nini kwa kutembelewa, na kijiji kinapoteza nini. La pili hakuna aliyewahi kuniuliza. Juu ya jabali alivua miwani, akaitazama nyika muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa ofisi.

Tuliporudi ukungu ulikuwa umeshuka. Kijana mwenye utepe hakuipenda njia ile katika ukungu, kwa hiyo nilitangulia mimi. Nilikuwa nikizungumza bila kugeuka nyuma, juu ya namna ardhi ya umma inavyoweza kulisha shule ya umma bila kukatwa mti hata mmoja, na nadhani sijawahi kuzungumza vizuri kama siku ile. Nilihisi maneno yananibeba. Tulipita kwenye mkulo ulioanguka, tukateremka, miti ikaisha, tukatokea kwenye jua na kwenye nyuso za watu.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti, aliyekuwa amejiandaa kutoa salamu, alibaki mdomo wazi. Nilidhani gauni langu limechanika. Nilipeleka mkono kichwani kunyoosha kilemba, na vidole vyangu vikagusa gome la mti.

Nilikuwa na gogo kichwani. Kilemba changu kilikuwa kimeviringwa kuwa ngata, kwa ustadi, na mikono iliyokiviringa ilikuwa hii yangu. Sikumbuki kuinama. Sikumbuki kuchagua gogo, ingawa lilikuwa limechaguliwa vizuri, kavu na lisilo na ncha. Nyuma yangu alitokea ofisa wa mkoa na gogo begani, suti imeingia uchafu wa gome, na nyuma yake karani na vijiti viwili kwapani, na hata kijana mwenye utepe alikuwa na chake. Bwana Misitu peke yake alitoka mikono nyuma, akitazama hali ya hewa mawinguni.

"Tuweke wapi?" akauliza ofisa.

Niligeuka nikamtazama yeye na gogo lake.

"Nilidhani ndiyo desturi ya hapa," akasema. "Ulipochukua, nasi tukachukua."

Darasa lisilo na paa lilikuwa linaonekana kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Niliziona kuta zake. Niliuona pia mlango wa banda la chai, na mjane amesimama ndani yake, na hapakuwa na moshi nyuma yake. Nilishusha gogo. Nikatoa karatasi mfukoni nikaisoma kanuni kwa sauti, yote, mpaka pale palipoandikwa "mkubwa au mdogo." Nilipomaliza nilimwambia Bwana Misitu, "Niandike."

"Macho yananiuma," akasema.

"Leo ni Jumatano, mzee."

"Juma hili yameanza mapema."

Nikachukua daftari lake la makosa nikaandika jina langu mwenyewe, la kwanza katika ukurasa uliokuwa haujaandikwa kitu.

"Na mimi?" akauliza ofisa.

Mwenyekiti alifumba macho. Najua alikuwa akiliona bati likirudi kiwandani. Nilitaka sana kusema kwamba mgeni wa kazi si mgeni wa matembezi, na hoja hiyo ingeweza kujengwa. Ningeijenga mwenyewe kwa dakika tano. "Kanuni inasema mkubwa au mdogo," nikasema.

Alinitazama, kisha akalitazama gogo lake. "Niandike," akasema. "Ila nieleze kitu kimoja. Kuni hizi mnazotunyang'anya, zinakuwa za nani?"

Nilirudi kwenye karatasi. Ilisema mazao yatachukuliwa. Haikusema na nani, wala kupelekwa wapi. Bwana Misitu alisema yaliyotoka msituni ni ya Serikali. Mwenyekiti alisema yaliyovuka mpaka ni ya kijiji. Mpasuaji mbao akasema ni ya aliyebeba, kwa kuwa ndiye aliyechoka. Yule mwanamke mwenye watoto sita akasema kama hayana mwenyewe, yeye ana pa kuyaweka. Wote walinisubiri mimi, na mimi nilikuwa nikisoma mstari ule ule kana kwamba neno lililokosekana lingejitokeza nikilitazama kwa muda wa kutosha.

Mjane alikuja akichechemea. Hakumsalimia mtu, jambo ambalo kwetu ni zito. Aliokota vijiti vya karani, akajaribu kimoja kwa kukivunja, kikalia vizuri.

"Mkiwa mnamtafuta mwenyewe," akasema, "hizi zipelekeni motoni. Wageni wana baridi."

Na kwa kuwa ofisa alikuwa bado ameshika gogo lake, alimfuata hadi bandani akalitia jikoni kwa mkono wake. Tulikunywa chai ya siku ile ile. Hakuna aliyezungumza habari ya kanuni, na ulipofika wakati wa kuondoka, ushahidi wote ulikuwa majivu.

Barua ya mkoa ilikuja baada ya majuma matano. Ilikubali kijiji kipate sehemu yake, ikasifu utaratibu, na haikutaja kuni hata kwa neno moja. Bati likaja kwa lori la Shume. Siku ya kuezeka nilishika ngazi.

Adhabu yangu niliitumikia yote, ingawa hakuna aliyenidai. Kwa miezi mitatu sikuvuka mpaka wa msitu. Jumamosi niliketi kwenye jiwe lile lile nikawaangalia wageni wakitoka. Mwanzoni walitoka mikono mitupu. Jumamosi ya tatu au ya nne mwalimu yule mrefu akatokea na gogo, akanisalimia kwa adabu, akaenda moja kwa moja bandani. Bwana Misitu aligeuka kuitazama nyika, ambayo kutoka pale haionekani. Baada yake wakaja wengine. Nilijiambia kwamba adhabu yangu ilihusu kuingia na haikuhusu kuona, na mimi niliona, wazi kabisa. Kalamu ilikuwa mkononi. Sikuandika. Sijui kama nilinyamaza kwa huruma, au kwa sababu jina la kwanza katika ukurasa ule lilikuwa langu.

Yule mwanamke mwenye watoto sita alinijia shuleni. "Mteja wangu wa Jumanne amepotea," akasema. "Kanuni tuliyopiga kura iko wapi?"

"Ipo," nikamwambia.

"Ipo wapi?"

Nilimwonyesha. Ilikuwa imebandikwa mlangoni pa darasa jipya, chini ya bati, isinyeshewe. Aliitazama kwa muda, akaenda zake, na tangu siku ile salamu yake kwangu ilikuwa fupi. Alikuwa na haki. Hilo nalo nimelibeba mpaka leo.

Jumamosi ya mwisho ya adhabu yangu mjane aliniita bandani. Moto ulikuwa unawaka, na malori mawili yalikuwa yamesimama barabarani. Aliniwekea chai na kiazi, akaketi taratibu kwa ajili ya nyonga yake.

"Unarudi lini msituni, mwanangu?"

"Jumamosi ijayo, mama."

"Basi utapita na kuni."

Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Nilikunywa chai. Ilikuwa ya moto sana, na niliinywa hivyo hivyo.